Moyo Wangu na Mboga za Mama Mkwe

Moyo wangu ulianza kukosea nikiwa napiga randa ubao wa mninga. Ubao wenyewe naukumbuka. Ulikuwa wa kichwa cha kitanda, na mteja alikuwa anausubiri kwa ajili ya harusi ya bintiye. Nilisukuma randa, nikasikia kitu kifuani kimeruka, kikatua vibaya, kikaruka tena. Nikashika meza. Ndani ya kifua palikuwa na fujo kama ya kuku waliofungiwa kwenye tenga halafu mtu akalitikisa. Nilidhani ni njaa. Nikanywa soda, nikarudi kazini, na kabla sijafika mwisho wa ubao nikajikuta nimeketi chini kwenye maranda.

Naandika sasa kwa sababu kipindi kibaya zaidi kimepita, au angalau kimesogea pembeni, na kwa sababu kila nikienda kliniki naona sura mpya kwenye benchi, macho yameganda ukutani, karatasi imekunjwa mkononi. Mimi si daktari. Ni fundi seremala wa hapa Mpanda. Moyo unavyofanya kazi sitakueleza, maana sijui. Nitakueleza nilichokula na nilichomeza, na vile adabu yangu mwenyewe ilivyotaka kunizika.

Hospitalini walinilaza, wakanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari. Ugonjwa una jina refu la Kiingereza ambalo mpaka leo nalitamka vibaya. Aliyenipa maneno ya kuelewa ni muuguzi wa kliniki, mwanamke mfupi, mkali, ambaye wagonjwa wote tunamwita Sista.

"Moyo wako haupigi sawasawa, baba. Unatetemeka," alisema. "Damu ikituama kwenye moyo unaotetemeka, inaganda. Lile donge likichomoka likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi."

Nilipewa vidonge vya kutuliza mapigo, vya kutoa maji yaliyokuwa yanajaa miguuni, na kidonge kimoja kidogo cha rangi ya waridi cha kuzuia damu isigande. Hicho cha waridi kina masharti kuliko bibi harusi. Kikipungua nguvu, damu inaganda. Kikizidi nguvu, unavuja damu. Ndiyo maana kila baada ya muda unatolewa damu, inapimwa, wanakiongeza au wanakipunguza.

"Nyumbani mnakula nini?" Sista aliuliza.

"Kawaida tu. Ugali, maharage, dagaa."

"Dagaa wa chumvi waloweke, umwage maji. Kwenye maharage acha magadi. Na mboga za majani usizibadilishebadilishe. Majani yanakipunguzia nguvu hiki kidonge. Ukila kiasi fulani leo, kesho kula hichohicho. Umenielewa?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Kilikuwa kiangazi. Kiangazi cha huku kwetu vumbi linafunika mpaka majani ya miembe, na mboga mbichi ya majani unaitafuta kwa tochi. Niliona hilo la majani halinihusu.

Kiangazi hicho kilinifundisha kuchukia ngazi ya mlango wangu mwenyewe. Ni ngazi fupi tu, niliijenga mimi, lakini nilikuwa nikiipanda lazima nisimame nishike nguzo nihesabu pumzi. Viatu viligoma kuingia miguuni. Msumeno niliokuwa nauvuta huku napiga soga ulinishinda kabisa. Wateja walikuja, wakanipa pole, wakatazama mbao zilizosimama kando, na wiki iliyofuata nikasikia kitanda kimetengenezwa kwa fundi mwingine. Mke wangu Paskalia alikuwa ananiambia nipumzike, na mimi nilikuwa namjibu vibaya, kwa sababu mtu anayekuambia upumzike hajui kwamba hata kupumzika kunakuchosha. Nilikuwa naogopa sana. Sikumwambia mtu. Nilikaa juani na kidole kwenye mkono, natafuta mapigo, nayapata, yanapotea.

Mtu akishaogopa hivyo, humwuzii dawa, anainunua mwenyewe. Festo, ambaye zamani tulikuwa tunapasua mbao pamoja na sasa anauza virutubisho, alikuja na begi la makopo.

"Wewe shida yako madini," aliniambia, amekaa kwenye kiti changu mwenyewe. "Moyo ni mashine. Mashine bila oili inafanyaje? Inakwama. Hii ni magnesiamu. Hii inasafisha mishipa. Na huu unga wa kijani ni mlonge mtupu, unaweka kwenye uji. Hospitali hawawezi kukuambia, kaka, wakikuambia watakosa wagonjwa."

Nilimeza vyote. Ningemeza hata misumari kama angeniambia ina madini. Na nilitafuta vyangu pia, kwenye simu, kwa watu, kwa yeyote aliyewahi kuwa na mjomba mwenye moyo: mbegu za maboga zilizokaangwa, kitunguu saumu kibichi, tangawizi, ndizi mbivu asubuhi na jioni. Nyumba yetu ilinuka kitunguu saumu mpaka kwenye mapazia.

Kliniki iliyofuata nilikuwa na hali mbaya zaidi. Misuli ya miguu ilikuwa inakaza, na moyo umeshika kasi ya ajabu. Walipima damu, wakakuta madini ya potasiamu yameshuka. Sista alisema dawa ya kutoa maji ilikuwa inatoka nayo. Kwa hiyo Festo hakuwa mwongo mtupu, na hilo liliniuma kidogo. Lakini makopo yake hayakuwa na kile kilichopungua. Walinipa vidonge vya kurudisha hayo madini, wakaniruhusu ndizi, viazi vitamu na parachichi, wakaniambia nisijiongezee mwenyewe kwa sababu yakizidi nayo yanasimamisha moyo.

"Kuanzia leo," Sista alisema, "kila unachomeza kije hapa mezani nikione."

Nilimletea makopo yote kwenye mfuko wa rambo. Aliyapanga, akasoma, akanirudishia la magnesiamu kwa kipimo alichokiandika daktari, akaweka mengine pembeni. Unga wa mlonge aliufunika kabisa. "Haya ni majani, baba. Ni yaleyale niliyokukataza kubadilisha."

Baada ya wiki chache moyo ulitulia. Haukupona, ila ulitulia. Nakumbuka mama mmoja kwenye benchi alinimenyea karanga za kuchemsha bila hata kunijua, akaniwekea kiganjani, na nikagundua kwamba nilikuwa nimekaa muda wote huo bila kushika mapigo yangu. Nilitaka kulia kwa furaha. Nilidhani vita vimeisha.

Halafu mvua zikaja.

Mvua zikishuka, Paskalia lazima aende Kakese kwenye shamba letu la mpunga. Asipokwenda, mwaka mzima hatuli. Na mimi siwezi kuachwa peke yangu. Ndipo akamleta mama yake kutoka Magamba anipikie.

Hapa lazima nieleze, maana asiyetuelewa ataniona mjinga. Ukoo wa mke wangu ni Wanyamwezi wa zamani hapa, wanaoshika mambo yao. Kwao mama haingii chumba anacholala mume wa binti yake. Hamtazami usoni, hamwoni akila, na mkwe naye ni hivyohivyo. Ni heshima, tena heshima kubwa. Tangu nimwoe Paskalia nilikuwa naongea na mama yake kupitia ukuta, au yeye akiwa amenipa mgongo. Na chakula cha mkwe hakikataliwi, hakiulizwi kimepikwa na nini, hakibakizwi.

Basi ndivyo tulivyoishi. Asubuhi nilisikia kikohozi chake nje ya mlango, ndiyo ilikuwa hodi yake, kisha kigoda kikiburutwa na sahani ikiwekwa juu, halafu salamu ya kwao ya asubuhi.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama. Asante."

Nilisubiri miguu yake iondoke, ndipo nafungua. Juu ya kigoda palikuwa na chakula kilichofunikwa, na pembeni kikombe cha juisi nzito ya kijani. Matembele yaliyotwangwa, akachuja, akakamulia limau. Huku kwetu kila mtu anajua mgonjwa aliyelegea hana damu, na dawa ya damu ni matembele. Mchana majani ya kunde na karanga. Jioni majani ya maboga, kesho yake kisamvu. Mwanamke yule alikuwa anatoka alfajiri na mvua kwenda kunichumia. Nilimsikia akirudi, ananyonga maji kwenye kitenge chake uani.

Na kibaya zaidi, nilipata nguvu. Labda ni kwa sababu nilikuwa nakula vizuri, labda kwa sababu kuna mtu alikuwa ananihangaikia. Nilipita ile ngazi bila kushika nguzo. Nilimsifu kupitia ukuta: "Mama, mboga zako zimenirudisha duniani." Akacheka kidogo, kwa aibu, na kesho yake kikombe kikawa kikubwa.

Kliniki wakapima damu. Kidonge hakifanyi kazi. Wakaongeza. Nikarudi, bado. Wakaongeza tena. Sista akanitazama kwa jicho lile analomtazamia mtu aliyeacha dawa.

"Unakunywa kweli?"

"Nakunywa! Mnataka nije kunywa hapa mbele yenu?"

"Umebadilisha chakula?"

Nyuma yangu kulikuwa na benchi zima la watu wa Mpanda, nusu wananijua. Mwanamume akisema mbele za watu kwamba anaumwa tangu mkwe aanze kumpikia, hasemi habari za mboga. Anasema amelishwa kitu. Maneno hayo yakitoka hayarudi, na mama wa watu atazeeka nayo. Na kweli kabisa, sikuwaza kwamba sahani ya nyumbani nayo ni kitu cha kuleta mezani kwa Sista kama yale makopo. Kopo ni kopo. Chakula ni chakula.

"Ni kawaida tu," nilisema. "Mkwe anapika."

Aliandika, akaita jina linalofuata.

Asubuhi ya tukio lenyewe kulikuwa na manyunyu. Kikohozi, kigoda, salamu. Nilisubiri, nikafungua, nikachukua kikombe. Kikombe kikaanguka. Sikukiachia mimi, ni mkono uliokiachia. Niliutazama mkono wangu wa kulia ukining'inia, nikauamuru uokote, ukakaa kimya. Nikataka kusema "loh", ulimi ukalala upande. Mguu ukafuata, na nikajikuta sakafuni nikitazama juisi ya kijani ikitambaa kuelekea chini ya kitanda.

"Baba? Kikombe kimeanguka?"

Nilimsikia kila neno.

"Baba Neema?"

Neema ni binti yetu, yuko shule ya bweni. Nilitaka kumwambia mama yule akimbie, amwite mtu. Ilitoka sauti ya mnyama.

"Jamani! Nyie! Hakuna mtu? Njooni!" Alipiga kelele kuelekea kwa majirani. Msimu ule watu wote wako mashambani, mtaa mzima ulikuwa wa kuku na mbuzi. Nilisikia miguu yake ikija mpaka kizingitini, ikirudi, ikija tena. Halafu akasema kitu kwa Kinyamwezi, taratibu. Paskalia aliniambia baadaye kwamba alikuwa anamwomba radhi marehemu mumewe.

Akaingia. Alikuwa ameshusha kitenge mpaka usoni, anapapasa hewa. Mikono yake ilinifikia bega, ikapanda mpaka shavuni, ikagusa mdomo uliokwenda upande. Hapo akakivua kile kitenge, akanifunga nacho kifuani chini ya makwapa, akanivuta. Nilimwona uso wake kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho, na alikuwa analia bila sauti. Alinivuta kupita ile ngazi yangu, uani, mpaka barabarani, akasimama katikati ya njia mpaka bajaji ikasimama. Njia nzima kichwa changu kilikuwa mapajani mwake.

Wodini nilikaa mpaka mvua zikazidi. Mkono ulikuwa wangu lakini haukuwa wangu. Paskalia alikuja moja kwa moja kutoka Kakese, tope la majaruba likiwa limekauka miguuni. Alinilisha uji, akanifuta, akaninyoa ndevu kwa upole mpaka upande ule usiosikia, na usiku wake wa kulala chini ya kitanda changu ukawa mwingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sikuweza kusema. Nilikuwa nafikiria msumeno, na harusi ya Neema ya siku zijazo, na kitanda ambacho sitamtengenezea. Nilitamani kufa, nasema wazi, maana najua kuna anayesoma hapa ambaye anatamani hivyo na anadhani ni yeye peke yake.

Sista alipita wodini. Akamuuliza mama mkwe, aliyekuwa amekaa mbali na kitanda akitazama dirishani, nilikuwa nakula nini. Mama akajibu kwa fahari, kidole kwa kidole: matembele, kunde, maboga, kisamvu, na juisi kila asubuhi. "Sikumkosesha hata siku moja," alisema.

Sista alifunga daftari lake. Akavuta kiti akamweleza, polepole, kwa sauti ndogo. Lakini wodi haina siri. Mgonjwa wa kitanda cha pili alisikia, aliyekuja kumwona akasikia, na jioni ile habari ilikuwa imeshafika sokoni ikiwa imevaa nguo nyingine: fundi kalishwa na mkwe wake. Kesho yake mama hakuja. Alikuwa amefunga mzigo wake amerudi Magamba.

Nilipopata maneno ya kwanza, Paskalia aliyatumia kugombana nami.

"Sista alikuambia habari ya majani?"

"A-lini-ambia."

"Na ulikuwa unapewa majani kila siku. Ungesema tu!"

"Ninge-semaje? Mkwe?"

"Ungeniambia mimi! Mimi si mkwe wako!" Akainuka, akatoka nje, na kupitia dirisha nilimwona akilia amekumbatia nguzo ya kibaraza. Alikuwa na mume kitandani na mama aliyeitwa mchawi, na mpunga unaliwa na ndege. Wagonjwa tunajihesabu sisi tu. Tumsamehe anayetuuguza akipaza sauti.

Niliporudi nyumbani nilifanya kosa lingine. Niliyachukia majani. Sikutaka hata kuyaona sahani ya mwingine. Nilikula ugali na nyama, wali na maharage, na kile kidonge cha waridi kikiwa bado kwenye kiwango kikubwa walichonipandishia. Unaona kinachokuja. Mimi sikukiona. Fizi zilianza kutoa damu nikipiga mswaki. Halafu pua, ikatiririka mpaka taulo likaloa. Halafu mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Paskalia alifunga mlango na tukarudi hospitali, na kwenye lile benchi nilikaa na kitambaa puani, watu wakisogea mbali nami.

Hapo nilifika mwisho wangu. Nikila naganda, nisipokula navuja. Nilimwambia Sista waniachie tu nife, nimechoka kuwa mtu wa kupimwapimwa.

Hakunibembeleza. Walipokwisha kuizuia damu, alikuja akakaa.

"Majani si adui yako," alisema. "Hayo yana faida kwako kama kwa mtu mwingine. Adui ni kupanda na kushuka. Ukiweza kula bakuli moja, lilelile, mvua na jua, mimi nitakutafutia kidonge cha kuendana nalo. Unaweza?"

"Kiangazi nitayatoa wapi?"

Paskalia, aliyekuwa ameegemea mlango, alijibu bila kunitazama. "Mama ana nsansa."

Nsansa ni majani ya kunde ambayo mama zetu huyachemsha msimu wa mvua, wakayaanika, wakayahifadhi kwenye vyungu mpaka mvua nyingine. Nimeyala utoto wangu wote. Sista aliuliza maswali machache, akakubali: kiasi kilekile kila siku, kikipimwa na mtu mmoja kwa chombo kimoja, na damu ipimwe mara kwa mara mpaka tujue. Ila mwenye nsansa za kutosha mwaka mzima, na mkono wa kuzipika hivyohivyo kila siku, alikuwa Magamba amejifungia.

Paskalia alikwenda mara ya kwanza, akarudi peke yake. Mama alisema hatagusa tena chungu cha nyumba yangu.

Nikaenda mwenyewe. Bodaboda ilinishusha mbali kidogo, nikavuka uwanja nikiburuta mguu. Alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko. Aliponiona akageuka, akanipa mgongo kama inavyopasa. Nikakaa kwenye gogo. Niliongea na ule mgongo, maneno yangu yakiwa bado mazito.

"Mama, nimekuja kuomba mboga."

Alichokoa majivu kwa kijiti. Kisha: "Zile zilizokulaza?"

"Hizohizo."

"Watu wanasema nilikupa sumu, baba. Kanisani wananiachia benchi peke yangu."

"Sumu ilikuwa mdomo wangu. Niliambiwa na Sista nikanyamaza. Nilikuheshimu mpaka nikakuficha jambo lililokuhusu."

Mabega yake yalitikisika. "Mimi naogopa. Nikikosea tena?"

"Hata mimi naogopa," nilisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. "Kila siku. Lakini sasa twende kliniki wote. Aulize, ujibu wewe."

Alikuwa amekamata pindo la kitenge, analizungusha kidoleni. Nilikaa pale mpaka jua likahama, nikainuka, nikaondoka bila jibu. Njia nzima niliamini nimeshindwa.

Siku ya kliniki nilikuwa kwenye benchi na Paskalia, nilipomwona anaingia getini, kitenge kipya, na mkononi amekumbatia kibakuli cha bati kilichobonyea ukingoni. Watu waligeuka. Alipita mbele yao wote, wanaonijua na wasionijua, akaja akakaa. Hakukaa mbali. Alikaa kwenye benchi letu, Paskalia katikati, uso ameuelekeza ukutani.

Tulipoitwa, tuliingia wote watatu. Sista alifungua kalamu akauliza kama kawaida yake, "Nyumbani mnakula nini?" Nami nikafunga mdomo. Mama mkwe akaweka kibakuli mezani.

"Hiki," alisema. "Nsansa, kimejaa mpaka hapa kwenye ubonyeo. Mara moja, mchana. Juisi hakuna. Nikiumwa, Paskalia atapima kwa hikihiki."

Tangu siku ile msimu umekwisha na mwingine umeingia. Moyo wangu bado unatetemeka. Hakuna ndizi, wala kopo, wala jani lililouponya, na anayekuambia lipo mwambie alete mezani kwa Sista wako. Lakini vipimo vya damu vimeacha kuruka. Mapigo yanatulia, yanakasirika, yanatulia. Mkono umerudi kiasi. Randa bado, ila msasa naweza, na juzi nimesugua mguu wa kiti mpaka ukang'aa. Kuna asubuhi naamka na ile fujo kifuani na naona mwisho. Nakaa kitako, naungoja mchana.

Mama amerudi kwetu. Kigoda bado kipo mlangoni, lakini kuna mchana mmoja sikukisikia kikiburutwa. Nilisikia kikohozi tu. Nilifungua nikamkuta amesimama, uso ameugeuzia pembeni, ameninyooshea kibakuli. Chakula cha mkubwa hakipokelewi kwa kushoto. Nikatoa mkono wa kulia. Ukatetemeka, mchuzi ukamwagika ukingoni, ukaloanisha vidole vyake, na nikadhani nitakiangusha tena palepale nilipokiangusha kile kikombe.

"Taratibu," alisema, bado anatazama ukutani. "Siachii mpaka ushike."